Hasira ya Siku Njema

Saa sita na nusu mchana, wakati jengo zima la ghorofa kumi linashuka kwenda kula, lifti ilikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, ndani yake watu saba. Ukumbi wa chini ulifurika. Mlinzi alikuwa anapuliza filimbi bila sababu yoyote. Fundi alipoingia, ovaroli ya bluu imekunjwa mikono, kilemba chekundu kichwani, mkoba wa vifaa begani, kila mtu alichungulia nyuma yake kumtafuta fundi mwenyewe.

"Ni mimi," alisema, kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kusema hivyo mara mia. "Hakuna mwingine anayekuja. Nipisheni."

Alipanda ngazi hadi ya nne, akagonga mlango wa chuma. "Nyie humo ndani! Msiguse mlango. Dakika kumi mtakuwa nje. Kuna mgonjwa?"

"Hakuna," ilijibu sauti ya mwanamume, tulivu kana kwamba mwenyewe amekaa sebuleni kwake. "Ila dada fundi, tangazo lenu humu lina kosa. Mmeandika 'Usizidishe uzitto.' T moja inatosha."

"Kaka, umening'inia hewani na unachokiona ni herufi?"

"Ndiyo kazi yangu, dada. Kila mtu na ugonjwa wake."

Mlango ulipofunguka watu waliruka nje mmoja mmoja. Yeye alitoka wa mwisho: mrefu, mwembamba, miwani imeteleza puani, shati la rangi ya machungwa limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuwa msahihishaji wa vitabu katika kampuni ya uchapaji, ghorofa ya sita. Wenzake walimwita Koma, kwa jinsi alivyoweza kugombana nusu siku kwa ajili ya kialama kimoja.

"Koma?" Fundi alicheka alipoambiwa. "Basi nikikasirika sitahangaika kutafuta neno."

"Wewe ukisema koma, mimi nitaitika naam."

Wakapendana. Simu hazikupoa.

"Umekula, kipenzi?"

"Niko juu ya lifti, Koma. Juu yake, si ndani yake."

"Hiyo lifti inakuona kuliko mimi."

"Lifti haiulizi maswali."

Kisha ikaja ile wiki.

Fundi aliijua tangu ana miaka kumi na tisa. Kila mwezi, siku kumi hivi kabla ya hedhi, aliamka mtu mwingine. Sauti ya mtu anayetafuna ilimchoma. Alilia kwa sababu soksi imetoboka. Aliona waziwazi, kama anavyoona waya uliokatika, kwamba hafai kitu, na kwamba wanaosema wanampenda wanamwonea huruma tu. Damu ikishuka, siku moja au mbili, giza liliondoka kama halijawahi kuwepo, naye akabaki kuokota vipande: huyu wa kuombwa radhi, yule wa kubembelezwa. Wachumba wawili walikuwa wameondoka kabla hajamaliza kuokota.

Mwezi wa kwanza alimwambia Koma asimpigie tena maishani. Baada ya siku sita akapiga mwenyewe, analia. Mwezi wa pili, yale yale. Mwezi wa tatu Koma aliuliza kwa unyonge, "Mpenzi, tumeachana au tunaachana? Nataka kujua tu kama nije Jumamosi."

Na kila aliyeelezwa alikuwa na dawa yake ya bure. Mama alisema, "Mwanangu, hayo ni ya wanawake wote. Ukizaa yataisha." Shangazi alisema ni kudeka. Msimamizi wake kazini akasema, "Hata mke wangu hununa, lakini hasemi ni ugonjwa." Fundi alitamani kumfungia ndani ya lifti, kisha yeye mwenyewe aende likizo.

Mwezi wa nne, akiwa juu kabisa ya shimo la lifti, mkanda wa usalama kiunoni kama siku zote, wazo lilimjia taratibu kwamba watu wangepumzika kama yeye asingekuwepo. Haikuwa mara ya kwanza. Lakini hakuwahi kulisikia akiwa mahali kama pale. Alishuka. Akaketi juu ya sanduku la vifaa, akamwambia fundi mwenzake, "Nipeleke hospitali. Sijaumia. Nipeleke tu."

Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, hakugusia habari ya kuzaa. Alimuuliza kama anawaza kujidhuru, akangoja jibu bila kupepesa macho. Akampa daftari aandike hali yake kila siku kwa miezi miwili, akampangia mshauri nasaha kila wiki, na namba ya kupiga wazo lile likirudi, saa yoyote. Daftari lilipojaa, akalipitia kwa kidole.

"Unaona? Homoni zako ni za kawaida. Ubongo wako ndio unaoyapokea vibaya mabadiliko ya homoni hizo. Si tabia, wala si kudeka. Ni ugonjwa, una jina refu kupita haja, na una tiba."

"Miaka kumi na miwili, daktari," Fundi alisema, machozi yanamchuruzika na haikuwa wiki ya machozi. "Miaka kumi na miwili naomba radhi!"

Vidonge vilipunguza makali; havikuyamaliza. Alimweleza Koma yote, hata lile la kwenye shimo.

"Hii ni siri yangu," Fundi alisema. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Balaa la Koma lilikuwa bidii. Alisoma kila alichokipata. Akatundika kalenda ukutani ofisini, akazungushia tarehe za ile wiki wino mwekundu kama makosa ya kitabu. Wiki mbaya ilipofika alizungumza na Fundi kwa sauti ya kubembelezea mtoto mchanga.

"Koma, ongea kama mtu!"

"Ndiyo, mpenzi. Kunywa maji, mpenzi."

Fundi alikunywa maji ili asimrushie glasi.

Jumanne moja asubuhi, simu yake iliita. Alikuwa dada mkubwa wa Koma.

"Wifi yangu, usijali, sisi hatukubagui. Lakini hayo mawazo yako ya kutaka kufa... mkija kupata watoto itakuwaje?"

Fundi alikata simu bila kuaga. Akapanda ngazi hadi ghorofa ya sita, akapita katikati ya meza zilizojaa karatasi, akasimama mbele ya Koma.

"Umemwambia dada yako."

Koma aliinuka. "Nilikuwa na wasiwasi, kipenzi. Nilihitaji mtu wa kuongea naye."

"Nilikuambia ni siri."

"Tulia kwanza. Hebu..." Macho yake yakakimbilia ukutani. "Leo tarehe kumi na mbili. Labda mwezi huu siku zimewahi?"

Ofisi nzima iliacha kupekua karatasi.

"Koma," Fundi alisema polepole.

"Naam?"

"Sikukuita. Nimekuambia ukome." Alikuwa ametulia kabisa, na utulivu huo ndio uliomtisha Koma. "Leo ni siku njema. Nimelala vizuri, nimekula, akili zangu zote ninazo. Nimekasirika kwa sababu umenikosea. Hasira hii ni yangu mimi, si ya ugonjwa. Ugonjwa unaninyang'anya nusu ya mwezi, na wewe unataka uchukue nusu iliyobaki?"

Akageuka, akaondoka.

Jioni ile ujumbe uliingia: *Mpenzi, tuongee ukishatulia.* Fundi aliusoma mara mbili, akaufuta. Siku tisa simu iliita, hakupokea. Siku ya kumi kiza kilianza kushuka, na ile sauti ya zamani ikarudi: umeona, hata huyu umemfukuza. Safari hii aliijua ni ya nani. Akampigia mshauri wake, akameza kidonge, akavaa ovaroli, akaenda kazini amenuna.

Lifti ilikuwa imezimwa kwa matengenezo. Koma alipanda ghorofa zote kumi kwa miguu hadi chumba cha mitambo, akafika shati limelowa mgongoni.

"Sikuja kubembeleza," alisema, anahema. "Nilitoa siri isiyo yangu. Ulipokasirika kwa haki, nikaisingizia kalenda. Nimeiondoa. Na dada nimemwambia kosa ni langu, asikupigie mpaka utake mwenyewe."

"Amekubali?"

"Amenuna."

"Vizuri." Fundi hakuacha kukaza nati. "Umemaliza?"

"Siku nyingine nitajuaje hasira ni ya nini?"

"Uliza umekosea nini. Kama kosa lipo, nitalitaja. Kama halipo, nitakuambia unipishe, na wewe unipishe. Ni vigumu?"

"Si vigumu." Koma alisugua miwani kwa shati lililolowa, akazidi kuichafua. "Nilikuwa na jambo jingine, lakini litangoja wiki ijayo, wewe uki..." Akajiuma ulimi.

"Nikiwa nani? Malizia, Koma."

"Nilitaka kuuliza kama utakubali nikuoe."

Spana ilisimama.

"Na ukaona ungoje siku njema," Fundi alisema. "Nikikubali siku njema, utasema furaha imenidanganya? Uliza leo. Leo unavyohema unanikera. Hilo shati linanikera. Kope zako zinanikera, Mungu anisamehe. Uliza sasa hivi."

"Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo." Akaokota nati nyingine. "Na usinishike, nitalia halafu nitakasirika kwamba nimelia. Shuka, nina kazi hapa mpaka saa kumi."

"Nikungoje chini?"

"Ungoje. Kimya."

Alishuka. Lakini kufika ghorofa ya nane furaha ilimshinda, akaanza kupiga mluzi, na mluzi wenyewe haukuwa na mpangilio wala aibu, unapanda na kushuka kama mlango usiotiwa mafuta. Fundi alikunja uso, akasonya. Ulimkera kupita kiasi. Akasogeza kiti, akauzuia mlango kwacho usijifunge, akausikiliza mluzi ule mpaka ulipofika chini kabisa.