Mpigaji wa Chumba cha Mtoto

Pigo lile halikuwemo kwenye wimbo. Mchomeleaji alikuwa na hakika, maana kila pigo la dramu alikuwa amelipanga mwenyewe kwa kipanya, moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kabla ya wimbo kuanza, mahali ambapo kwenye kioo cha kompyuta palikuwa patupu, fimbo iligusa ukingo wa dramu mara moja, kwa upole, kama mgeni anayejaribu kiti kabla ya kukikalia.

"Ndiyo mambo ya programu za bure haya," akajisemea, akacheka kidogo. Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, jua limejaa dirishani, na mtu mzima haogopi kitu saa nane mchana.

Kule karakana walimtania kwamba chuma hakimtoki mwilini: kutwa anachomelea mageti, akirudi nyumbani anapiga muziki wa metali, ule wa magitaa yanayonguruma na dramu zinazokimbia kama zinafukuzwa. Alikuwa nao wenzake zamani, lakini mpiga dramu wao, waliyemwita Kishindo, alihamishwa kikazi akaenda na dramu zake zote. Tangu hapo Mchomeleaji alirekodi peke yake katika chumba kidogo cha nyumba yao ya kupanga, ghorofa ya pili, ambako dramu za kweli zingemfanya mama mwenye nyumba awatupie virago nje. Na chumba chenyewe kilikuwa na siku zake. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba, na walikubaliana kwamba mtoto akija, gitaa linatoka na kitanda kinaingia.

Basi akatafuta programu ya dramu. Ya kwanza ilisikika kama mtu anapiga godoro. Ya pili ilikuwa na sauti nzuri, ila kila pigo lilifanana na mwenzake kama mishono ya cherehani, na sikio linachoka upesi na mpigaji asiyekosea. Ya tatu ilikuwa nzito mno, kompyuta yake iliyozeeka ikagoma kabisa. Akaandika kilio chake kwenye ukumbi wa mtandaoni wa watu wanaorekodi majumbani, akaomba ushauri: achague ipi? Mtu asiye na jina wala picha akamjibu kwa mstari mmoja. "Chukua hii. Ndani yake kuna mpigaji."

Alipoifungua, kitu cha kwanza kilichomshangaza ni lugha. Programu zote alizowahi kutumia zilikuwa za Kiingereza, na hii ilimjia kwa Kiswahili, tena Kiswahili safi cha kizamani, kama cha bibi yake alipokuwa akimwandikia barua. Palikuwa na masharti marefu. Akabonyeza "Nakubali" bila kusoma, kama tunavyofanya sote. Kila alipousimamisha wimbo, maandishi madogo yalitokea katikati ya kioo: *Tuendelee?*

Na sauti ilikuwa ya ajabu kwa uzuri. Kishindo mwenyewe angevua kofia.

Mkewe aliingia na kikombe cha chai, akasimama akisikiliza, mkono mmoja tumboni. "Huu nao una mwisho?" akauliza. "Una nyimbo kumi na tisa humo ndani, mume wangu, na hakuna hata mmoja uliofika mwisho. Na huyu mtoto utamlea mpaka katikati?"

"Huyu nitammaliza," akasema Mchomeleaji, wakacheka wote wawili.

Kwenye programu kulikuwa na kitufe kimoja cha kuzungusha kilichokataa kugeuka. Kiliandikwa *Uhai*, na chini yake maneno haya: *Mpe mpigaji kitu kinachoishi.* Alielewa kuwa anatakiwa kuingiza sauti yake mwenyewe, jambo ambalo warekodi wengi hufanya. Mmoja huweka mlango unaobamizwa, mwingine nyundo, ili dramu yake isifanane na ya mtu mwingine. Akafikiri kidogo, kisha akatabasamu. Kwenye simu alikuwa na sauti aliyoirekodi kliniki mwezi uliopita, muuguzi alipoweka kifaa tumboni na wao wakasikia moyo wa mtoto kwa mara ya kwanza. Akaupima mwendo wake. Mapigo mia na arobaini na manne kwa dakika. Wimbo wake nao ulikuwa mia na arobaini na nne, hakuna pungufu wala zaidi, na baba mtarajiwa gani angeiacha bahati kama hiyo? Akauweka moyo wa mwanawe chini ya dramu kubwa ya mguu. Kitufe kikageuka chenyewe mpaka mwisho.

Harufu ilianza siku ile ile. Ilikuwa harufu ya ngozi mbichi, ngozi ya mnyama iliyoanikwa na bado ina unyevu, nayo haikutoka nje wala jikoni bali kwenye spika. Alipoitenga sauti ya dramu peke yake na kuvaa hedifoni, alisikia katikati ya pigo na pigo kitu ambacho mashine haina sababu ya kuwa nacho. Mtu alikuwa anavuta pumzi.

Akavua hedifoni. Pumzi ikaendelea kidogo, nyuma ya shingo yake, halafu ikakoma. *Tuendelee?* kikauliza kioo.

Hakumwambia mkewe. Ila mkewe ndiye aliyemwambia yeye, Jumatano, wakati wa chakula. "Ukiwasha muziki wako anacheza humu ndani. Ukizima, anatulia."

"Ameshakuwa mwanamuziki."

"Sisemi anatulia hivyo," akasema mkewe polepole, akakiweka kijiko chini. "Anatulia kabisa. Kama hayumo. Na kila siku anachelewa zaidi kurudi."

Mama mkwe alifika Ijumaa na begi lake, amekuja kukaa na binti yake mpaka ajifungue. Alikuwa mkunga mstaafu, mama wa maneno machache, aliyezalisha kwa miaka thelathini na sita na ambaye Mchomeleaji alimwogopa kuliko moto wa kazini kwake. Jumamosi mchana alimlaza binti yake kitandani, akatoa begini kile kitarumbeta cha mbao ambacho wakunga husikilizia moyo wa mtoto, akakitega tumboni na kuinamisha sikio. Chumba cha pili wimbo ulikuwa unalia. Mchomeleaji, kwa adabu, akaenda kuusimamisha ili mama asikie vizuri.

"Rudisha," ikaja sauti ya mama mkwe, ndogo na kavu. "Mwanangu, rudisha hiyo ngoma yako. Upesi."

Akarudisha, bila kujua kwa nini. Alipofika mlangoni aliwakuta wote wawili nyuso zimewasawijika, mkewe ameng'ang'ania shuka, na mama mkwe sikio lingali kwenye kitarumbeta, kidole chake kikigonga fremu ya kitanda sawasawa na dramu ya mguu.

"Moyo wa mtoto hucheza," mama mkwe akanong'ona. "Hupanda, hushuka, mama akicheka unapanda, akilala unashuka. Huu umenyooka kama uzi. Na ulipozima…" Akamgeukia mkwewe. "Umempa nani moyo wa mjukuu wangu?"

Akamweleza yote, amesimama kama mtoto aliyevunja sahani. Mkewe hakulia wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Ulimweka mwanangu kwenye mashine," na Mchomeleaji akaona afadhali angechomwa.

"Twende hospitali," akasema.

"Na nani atabaki kulinda huu wimbo usikatike?" mama mkwe akauliza. "Wodini nimepokea watoto huku chumbani mna mgeni mwingine, anayesubiri upande wa miguu. Hatukuwa tunawaambia wazazi. Wageni wale hawafukuzwi kwa kelele. Kitu walichopewa kwa mkono hawakirudishi bure, hubadilisha."

Hapo ndipo umeme ulipokatika.

Spika zikafa. Feni ikazunguka mara mbili tatu, ikasimama. Kutoka chumba kidogo ikasikika dramu, sasa nyembamba kama mvua juu ya bati, ikitoka kwenye spika ndogo ya kompyuta yenyewe, na Mchomeleaji akakumbuka kwamba betri ile ilikuwa imechoka na haifikishi dakika kumi. Akakimbia. Pale mlangoni harufu ya ngozi ilimziba pua, na ingawa jua la mchana lilikuwa limejaa dirishani mpaka ungeweza kuhesabu vumbi hewani, upande wa pili wa meza, mahali alipopima kwamba kitanda cha mtoto kitakaa, hewa ilikuwa nzito na nyeusi kidogo kuliko kwingine, ina kimo cha mtu aliyekaa, ina magoti yanayopanda na kushuka kwa kupokezana, na kila goti liliposhuka pigo lilitoka, na kila pigo lilipotoka alimsikia mkewe chumba cha pili akishusha pumzi kana kwamba ameruhusiwa.

Akakaa. Akajaribu kuifuta sauti ya moyo wa mtoto, ikakataa kufutika. Betri asilimia sita. Akatafuta pa kuingiza sauti nyingine, akapaona, akafungua shati, akaigandamiza maikrofoni kifuani pake mpaka ikaacha alama. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kwa hofu, na alipoupima aliduwaa. Mia na arobaini na nne.

*Moyo wa nani?* kioo kikauliza.

Wangu, akaandika.

Yakaja masharti. Mara hii aliyasoma neno kwa neno, betri ikiwa asilimia tatu, na hayakuwa marefu tena. *Mpigaji atamwacha mtoto. Mpigaji ataushika mpigo wa baba na atakaa nyumba hii. Wimbo ukiisha, baba ameisha.*

"Mama," aliita kwa sauti ya chini, bila kugeuza kichwa kutoka kwa kile kilichokaa mbele yake. "Nikikubali, utanisemea kwa mke wangu?"

"Kubali, baba," mama mkwe akajibu kutoka kitandani kwa binti yake. Hakuwahi kumwita baba kabla ya siku ile.

Akabonyeza. Kitu baridi, chembamba kama fimbo, kikamgonga mara moja kwenye mfupa wa kifua, kwa upole. Kioo kikazimika. Ukimya uliofuata ulimtisha kuliko yote, mpaka aliposikia mkewe anacheka na kulia kwa pamoja, na mama mkwe akihesabu kwa sauti, "Unapanda… unashuka… unapanda. Haya. Unacheza. Mtoto anacheza."

Umeme uliporudi programu haikuwemo kwenye kompyuta. Harufu ilikuwa imekwenda. Mama mkwe alipita kila pembe ya chumba kile, akanusa, akasema hakuna mtu, na kwa kuwa alikuwa mama mkwe, wakamwamini. Kitanda kikaingia, gitaa likauzwa. Miezi miwili baadaye alizaliwa msichana mwenye mapafu ya kuamsha mtaa mzima, na Mchomeleaji alimpenda mpaka watu wa karakana wakapata jambo jipya la kumtania.

Alipotimiza miaka miwili, mtoto aligundua masufuria. Mama yake alimpa sufuria mbili na vijiko viwili vya mbao, akamkalisha sakafuni ili yeye mwenyewe apate kupika. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Mchomeleaji alikuwa mlangoni anafungua viatu vya kazi, akamsikiliza mwanawe kwa furaha, kisha kwa mshangao, kwa sababu mikono ile midogo haikukosea. Kisha akajishika kifuani. Kijiko kilipokwenda polepole, moyo wake ulikwenda polepole. Kijiko kilipokimbia, nao ukakimbia, mpaka akatafuta ukuta wa kuegemea.

"Angalia mwanao," mkewe akasema akikoroga, amempa mgongo. "Damu nzito kuliko maji."

Alitaka kumjibu. Mtoto alikuwa ameviinua vijiko vyote viwili hewani na kuvishikilia pale, na ndani ya kifua cha Mchomeleaji hapakuwa na kitu, hapakuwa na pigo hata moja, ni ukimya ule ule wa chumba kidogo, na jiko lilianza kufifia machoni pake kuanzia pembeni. Mtoto aligeuza kichwa akamtazama. Maneno aliyokuwa akiyajua mpaka siku ile yalikuwa sita, na hili halikuwa mojawapo. Alilitamka vizuri, kwa Kiswahili safi cha kizamani.

"Tuendelee?"

Mchomeleaji akaitikia kwa kichwa. Vijiko vikashuka.

Tangu siku hiyo, mtoto akisinzia, moyo wa Mchomeleaji nao husinzia; ni yeye anayembembeleza asilale mchana, na mkewe hajui kwa nini.