Mlango Niliojitwika Kutoka Isaka

Mwaka 1971 nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, kwa hesabu ya mama yangu, maana siku niliyozaliwa hakuna aliyeiandika. Huo ndio mwaka niliofanywa mjinga mbele ya watu wote wa Isaka... huku nacheka!

Nasema huku nacheka, wasomaji wangu. Subirini mtaelewa.

Shule niliishia darasa la pili na sioni haya. Waliosoma wengi nimewalisha mimi. Nimezaliwa Samuye, nimelima majaruba ya mpunga toka matiti hayajaota, na mchele wangu nimeuza kwenye stesheni ya Isaka jua na mvua. Kwa mchele huo tulinunua nyumba. Nasema tulinunua kwa adabu tu. Nilinunua mimi!

Mume wangu, Baba Holo, alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la tumbaku huko Ushetu. Msimu ukianza anakwenda, ukiisha anarudi. Yeye ndiye aliyejua kalamu, basi yeye ndiye aliyekwenda kuandikisha nyumba. Akaandika jina lake. Nilikuwa nimesimama pale pale namwona. Nikajiambia, si ni mume wangu? Jina lake na langu yana tofauti gani?

Tofauti niliijua baadaye.

Nyumba ilikuwa kuukuu, ya tofali mbichi na bati, iliyojengwa na mtu wa reli enzi za wakoloni. Uzuri wake ulikuwa baraza. Baraza pana, nguzo za mninga, linatazama mashariki, na mbele yake ndiyo reli. Asubuhi jua linaingia lote. Lakini utakaaje? Upepo wa Isaka ukivuma kiangazi, chai yako inageuka tope.

Nilikuwa nimeona Shinyanga mjini nyumba ya daktari mmoja, baraza lake limezibwa kwa vioo chini mpaka juu. Jua linaingia, vumbi linabaki nje. Miguu yangu ilikuwa imekwisha kwa maji ya majaruba, inauma kila asubuhi. Nikataka na mimi chumba cha jua, niinyooshe miguu yangu.

Na niseme ukweli wote, maana hapa natubu: nilitaka pia abiria wanione. Treni ikisimama, watu wachungulie dirishani waulize, yule mama aliyekaa kwenye vioo ni nani? Wajibiwe, huyo ni Mama Holo, muuza mchele. Majivuno hayo ndiyo yaliyonifumba macho.

Mara ya kwanza nilipomwambia mume wangu, alikataa. Alisema nyumba ya zamani haiwekewi viungo vipya, ukuta utapasuka. Nikaliacha neno hilo. Akaenda Ushetu msimu mzima. Aliporudi alikuwa mtu mwingine! Yeye ndiye aliyeanza kuuliza, hivi baraza lako la vioo liliishia wapi? Alikuja hata na mchoro kwenye karatasi.

Nilifurahi kama mtoto. Sikujiuliza Ushetu alikula nini kilichombadilisha.

Mchoro wake ulikuwa hivi. Baraza lizibwe kwa vioo. Mlango wa mbele wa nyumba, ule wa kutokea barazani, uzibwe kwa tofali, kwa sababu ukuta ni wa zamani, ukiacha tundu hautabeba paa jipya. Baraza lipate mlango wake lenyewe, upande wa kaskazini, mzito, wenye kufuli. Na pembeni kiwepo kijibanda cha kupikia. Nikauliza, na mimi nitaingilia wapi? Akasema, utatokea mlango wa uani, unazunguka kidogo tu, Mama Holo, mazoezi ya miguu. Wageni wangu wakija wasipite katikati ya vyombo vyako.

Jamani! Mwanamke mwenye akili zake anakubali kuzunguka nyumba yake mwenyewe ili aingie barazani kwake? Mimi nilikubali.

Fundi tulimpata pale pale stesheni. Aliitwa Pazi, Mzaramo, alikuja na reli miaka mingi nyuma akatuzoea. Na mnajua Wazaramo ni watani wetu sisi Wasukuma. Tukikutana ni matusi mpaka machozi ya kicheko. Kazi alikuwa anaijua. Alichimbua nguzo zile akakuta mbili zimeliwa na mchwa kwa ndani, ganda tu limebaki, akazibadilisha. Msingi aliuchimba mpaka akaipita ile ardhi nyeusi inayopasuka kiangazi, akakanyaga changarawe. Bati jipya akalipitisha chini ya lile la zamani ili maji yasipate njia.

Vioo nilivifuata mwenyewe Mwanza. Nilivipanga kwenye sanduku la mbao nikavijazia pumba za mpunga, nikakaa juu yake kwenye behewa mpaka Isaka. Hakuna hata kimoja kilichopata ufa! Watu wa stesheni walikuja kuangalia tukivitoa kwenye pumba, vinang'aa.

Siku ya kufunga mlango ndiyo siku ninayoilaani.

Ulikuwa mlango wa mninga, mbao nene, Pazi alikuwa ameupiga randa mpaka unateleza. Mchana nilimpelekea ugali na mlenda. Akanawa, akala, akaniangalia.

"Wewe Msukuma una roho nzuri," akasema. "Unamlisha mtu anayemjengea nyumba mke mwenzio."

Nikamjibu, "Wewe Mzaramo umekimbia nazi kwenu ukaja kula mlenda. Akili uliiacha kwenye treni."

Tukacheka. Majirani wawili waliokuwa wanaangalia walicheka. Akarudia tena, kwamba mke mwenzangu atakuwa na vioo na mimi nitakuwa na moshi wa uani. Nikacheka zaidi! Nikamwongezea mlenda!

Mara ya tatu hakucheka. Alikuwa ameshika bisibisi, anakaza bawaba. Akasema polepole, "Mama Holo. Nyumba yenye mlango wake ni nyumba ya mtu."

Nikasema, "Maliza kula, baharia wa nchi kavu."

Nisikieni vizuri. Kwetu Usukumani mwanaume kuoa wa pili si ajabu. Lakini hamwingizi kwenye nyumba ya wa kwanza. Kila mke na nyumba yake, mlango wake, mafiga yake. Hilo hata mlevi analijua, na mimi nililijua toka utotoni. Mlango wa peke yake ulikuwa unafungwa mbele ya macho yangu. Mafiga yalikuwa yamejengewa kibanda. Mtu ananiambia mara tatu. Na mimi sikusikia, kwa sababu aliyesema ni mtani, na ya mtani ni ya kucheka!

Nilikaa kwenye vioo vyangu siku tisa. Siku tisa tu za jua la asubuhi...

Siku ya kumi Baba Holo alishuka kwenye lori na binti wa Ushetu. Binti wa rika la mwanangu Holo, ambaye wakati huo alikuwa ameolewa Ushirombo na ana watoto wawili. Binti alibeba sanduku na godoro. Akapita mbele ya vioo, akafungua mlango wa mninga kwa ufunguo. Ufunguo alikuwa nao tayari!

Kisha akazunguka uani nilipokuwa, akapiga magoti.

"Shikamoo mama," akasema. "Baba Holo ameniambia umenijengea mwenyewe. Asante kwa nyumba."

Wasomaji, mmewahi kushukuriwa mkatamani ardhi ifunguke? Sikumpiga. Nilitaka, lakini niliona usoni kwake kwamba anaamini anachosema. Alidanganywa kama mimi. Ila yeye alidanganywa akapewa vioo!

Treni zikaendelea kusimama. Abiria wakachungulia. Waliyemwona ni yeye, anajisuka nywele kwenye jua langu. Na mimi natoka uani na ungo kichwani kama mpishi wao.

Nilidai kikao. Wazee wa ukoo wake walikuja, na majirani. Nikasema yote. Baba Holo akajibu kwa utulivu wake wa mizani, kwamba amefuata mila, kila mke ana mlango wake, mafiga yake, kosa liko wapi? Na nyumba ina jina la nani?

Nikamwita Pazi. Alisimama akasema kweli mbele ya wote: siku ya kwanza ya kazi mwenye nyumba alimwambia hapa atakaa mke wa pili. Baba Holo akatabasamu. Akawauliza wazee, tangu lini Wasukuma wanahukumu kwa maneno ya Mzaramo?

Wakacheka! Wazee wazima, wenye mvi, walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Kile kile kicheko changu kilirudi kunila mimi.

Tulipotoka nje wazee washauriane, nilimkamata Pazi shati. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kama watu wanavyoambiana. Akasema, "Nimekula pesa ya mumeo, Mama Holo. Nilikwambia kwa mdomo niliokuwa nao." Mpaka leo sijaamua kama nimemsamehe.

Hukumu ya wazee ilikuwa fupi. Nyumba ni ya mwanaume. Mke akitaka kuondoka haondoki mikono mitupu, anachukua vyake anavyoweza kujitwika kichwani. Ndivyo ilivyo desturi, wakasema. Walifikiri vyungu na kinu.

Nikawauliza mara mbili, chochote ninachoweza kujitwika? Wakasema chochote.

Siku ile ile nilimwambia Pazi alete bisibisi. Alifungua bawaba tatu. Nikaviringisha kanga, nikainama, watu wawili wakanitwisha. Mlango mzima wa mninga! Shingo ilizama mabegani, lakini miaka yote ya magunia ilikuwa inaningojea siku hiyo. Nilipita mbele ya wazee wale wale. Baba Holo akasema huo ni mlango wa nyumba. Nikamwambia, "Pima, karani. Upo kichwani."

Wazee walikuwa wameshasema chochote. Na treni ilikuwa imesimama! Safari hii abiria waliniona.

Lori lilinifikisha Kahama, jingine Ushirombo kwa Holo. Baba Holo alitundika gunia pale palipokuwa na mlango. Niliambiwa hazikupita wiki mbili, baba wa yule binti alikuja kutoka Ushetu, akaliangalia lile gunia, akasema mwanawe hakuolewa kwenye zizi, akamchukua. Nilifurahi. Siombi radhi. Baba Holo alituma watu mara nne nirudi. Mara ya nne niliwapa maji ya kunywa tu.

Nilianza upya na umri ule, nikipika wali kwenye machimbo ya dhahabu kuelekea Geita. Wachimbaji walisema bibi huyu ana ulimi mkali na chakula kingi. Yote mawili kweli.

Wanawake wenzangu, na wanaume mnaonyimwa nyumba na ndugu zenu, nawaomba: msiongeze hata tofali moja kwenye nyumba isiyo na jina lenu. Mtu akibadilika ghafla kuhusu ujenzi, muulize alikotoka. Akitaka kuziba mlango wako wa mbele, kaa mlangoni, usiondoke. Na mtani akirudia neno mara tatu, acheni kucheka, mwekeni chini mumuulize. Mimi nilikuwa na masikio mawili mazima na sikuyatumia.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma Ushirombo, vyumba vinne, jina langu. Nina ng'ombe kumi na wawili. Nina majaruba matatu ya mpunga na mashine ya kukoboa, inasumbua lakini inafanya kazi. Nina wajukuu saba, wote wanasoma. Nina baraza lililozibwa kwa vioo upande wa mashariki, linaingiwa kutokea sebuleni kwangu, halina mlango wa nje.

Na mbele ya nyumba nina mlango wa mninga. Ufunguo ni mmoja.