Wasomaji wa Kwanza wa Papa Kalonji

Kila Jumamosi asubuhi Éliane alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kutwanga sombe ya majani ya muhogo, na kumsikiliza jirani yake Jessé akijisifu. Ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito, maana mchi hupumzika.

"Weye uko ukurasa wa ngapi?" Jessé aliuliza Jumamosi ile, akiegemea uzio wa matete. "Minyi nimemaliza yote."

"Yote? Jana ulikuwa ukurasa wa pili!"

"Muntu wa akili anasoma mbio."

Akamwonyesha karatasi zake. Kila ukurasa ulikuwa na maneno mawili ya penseli: *très bien*, vizuri sana. Hata ule wa mwisho, ambao haukuwa na kitu ila namba.

Karatasi zile zilikuwa kitabu ambacho bado hakijawa kitabu. Papa Kalonji, muuguzi mstaafu wa mtaa wao hapo Kamina, alikuwa ameandika hadithi ya watoto. Mvulana anaharisha, dada yake anamtengenezea maji ya chumvi na sukari, mvulana anapona. Kabla ya kuipeleka Lubumbashi kuchapwa, alikwenda darasa la sita kuomba watoto wa kujitolea waisome kwanza.

"Wakubwa wananisifu tu," alisema. "Nataka ninyi. Mahali ulipojikwaa, piga mstari. Uliposinzia, chora jicho lililofumba. Nilipokosa, niambie nimekosa."

Éliane alinyoosha mkono kabla ya wote. Jessé alinyoosha wa kwake aliposikia kwamba siku ya kurudisha karatasi kutakuwa na mikate ya kukaanga.

Éliane alikuwa ameisoma hadithi mara nne, na mara zote nne alikwama ukurasa wa kumi na moja. Hapo paliandikwa: "Dada akamnywesha mdogo wake yale maji, naye akanywa yote, akapata nguvu."

Maneno yenyewe yalikuwa rahisi. Shida ilikuwa Gamaliel.

Gamaliel alikuwa mdogo wake, wa mwaka mmoja na nusu. Wakati wa mvua alianza kuharisha. Papa Kalonji mwenyewe alipita nyumbani akamfundisha mama yao, Mama Émerence, kuchanganya yale maji. Mtoto akanywa, akatapika. Akanyweshwa tena, akatapika tena. "Haya maji yanamwumiza," mama akasema, akamwambia Éliane akayamwage nyuma ya nyumba. Kesho yake mama alimbeba mgongoni kwenda hospitali, lakini mtoto alikata roho njiani. Kwenye matanga, kila aliyeuliza alijibiwa na mama, "Tulimnywesha mpaka mwisho." Éliane alisikia, akaendelea kugawa viti.

Sasa angepiga mstari kwa namna gani? Papa Kalonji angeuliza sababu. Mtoto aliyelelewa vizuri hamsahihishi mtu wa umri ule, na hamwaibishi mama yake. Akaacha ukurasa ukiwa mweupe.

Saa tisa alasiri ile, saa ya kurudisha karatasi, wakakutana kwenye ofisi ya parokia. Papa Kalonji akafungua karatasi za Jessé, akakohoa.

"Jessé, mwanangu. Ukurasa wa tisa wa kwako niliuchapa kichwa chini, makusudi. Uliusomaje?"

Jessé akameza mate. "Papa... nilisimama kwa kichwa."

Mzee akacheka hadi miwani ikateleza. "Basi hiyo njo *très bien* ya kweli! Rudisha mkate." Jessé akarudisha, ingawa ulikuwa umekwisha kung'atwa mara mbili.

Kisha akafungua karatasi za Éliane. Hakuna mstari. Hakuna jicho.

"Weye pia? Hukukwama hata mahali pamoja?"

"Hapana, Papa."

Papa Kalonji akazikunja karatasi taratibu. "Haya. Jumatatu zinakwenda. Mungu akisaidia, vitabu vitafika mpaka Bukama, mpaka Kabongo."

Éliane akaiona Bukama, mji ambao hakuwahi kufika. Akamwona msichana mmoja huko, ana kikombe mkononi na mdogo wake magotini, anatafuta kitabuni la kufanya na halioni.

"Papa, nimesema uongo," akasema. "Mbona huyu mtoto wa kitabu hatapiki?"

"Unasema?"

"Gamaliel alitapika. Mama akaogopa, akaacha kumpa. Minyi njo nilimwaga yale maji."

Papa Kalonji alivua miwani, akaishika muda mrefu bila kuifuta.

"Twende kwa mama yako," alisema.

Mama Émerence alipoelewa kilichowaleta, alimgeukia binti yake kwa ukali. "Éliane! Mambo ya nyumba unayatoa inje?"

"Mama, mwache," Papa Kalonji akasema. "Siku ile nilikuonyesha chumvi na sukari, nikaondoka mbio. Sikukwambia akitapika ufanye nini. Kosa ni langu, na nimeliandika tena kitabuni."

Mama akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. "Ningefanya nini?"

"Ungengoja dakika kumi. Kisha ungempa tena polepole, kijiko kimoja, kingine. Na kama hali mbaya inaendelea, hospitali upesi, huku ukimpa njiani."

"Dakika kumi," mama alisema. "Angepona?"

"Sijui, Mama. Labda. Sitaki kukudanganya."

Mama alilia, na Éliane akakaa chini karibu naye, maana hakujua kingine cha kufanya.

Jumapili baada ya ibada, Papa Kalonji alileta ukurasa mpya. Éliane akausoma kwa sauti. Mama, ambaye hakusoma shule, alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akainua mkono.

"Hapo sema kijiko kidogo, Papa. Minyi nilitumia kikombe."

Papa Kalonji akaandika. Kisha akamtazama Éliane.

"Jana uliniachia karatasi nyeupe ukafikiri unaniheshimu," alisema. "Mwanangu, mtu akikuomba usome kabla ya wengine, anakuomba macho yako. Ukiona shimo ukanyamaza, wataanguka watu usiowajua. Uliposema, uliniumiza, na mama yako pia. Lakini hiyo njo kazi uliyojitolea. Ukweli useme kwa adabu, ila useme mapema, kitabu kingali karatasi."

Jumatatu asubuhi karatasi zilipakiwa kwenda Lubumbashi. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa umekuwa kurasa mbili, na ndani yake mtoto anatapika, dada yake anaogopa, anangoja dakika kumi, kisha anachukua kijiko kidogo na kuanza tena.