Chupa Tatu za Mwalimu Lutfi

Kila asubuhi Emna alichovya mkate kwenye mafuta ya zeituni, akambusu bibi yake shavuni, kisha akawahi shuleni ili akae dawati la mbele. Alitaka kuiona midomo ya Mwalimu Lutfi. Tangu augue mafua wakati wa baridi, sauti zilimfikia kama zinatoka nyuma ya ukuta.

Hakumwambia mtu. Shangazi yake Mabruka alipopata uziwi akiwa na umri kama wake, aliondolewa shule. Mpaka leo alishinda nyumbani akichambua zeituni, na watu walimwita kwa kumgusa bega. Emna alimpenda sana, lakini aliogopa kuishia kama yeye.

Siku hiyo darasa lilikuwa likisoma habari za sauti. Mwalimu Lutfi alifunika bakuli kwa mpira wa puto, akanyunyiza chumvi juu yake. Wanafunzi wakavuma karibu nayo, chumvi ikatulia tu. Emna alipovuma kwa sauti nzito, ikaanza kurukaruka.

"Heee! Emna kaichezesha chumvi!" akapiga kelele Wasim, jirani yake wa dawati.

"Ameipata sauti inayoafikiana na mpira," mwalimu akasema, "ndiyo maana umetetemeka sana."

Emna akacheka. Kwa muda akasahau hofu yake.

Kisha mwalimu akatoa chupa tatu zenye maji, nyingine kidogo, nyingine mengi. "Geukeni nyuma, mfumbe macho. Nitapuliza chupa. Ukisikia sauti nyembamba, nyoosha mkono. Nzito, uache chini."

Emna hakusikia kitu. Akafumbua jicho moja, akauona mkono wa Wasim juu, naye akanyoosha.

"Mwalimu, Emna anachungulia!" akasema msichana mmoja.

"Nyamaza wewe, kasuku!" Wasim akamkemea.

"Emna, jaribu peke yako," mwalimu akasema kwa sauti kubwa.

Emna akasimama, akafumba macho kabisa. Kimya. Au mwalimu alikuwa ameshapuliza? Akanyoosha mkono.

Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu akamwendea, akamgeuza taratibu. "Sijapuliza bado, mwanangu."

Wakati wa mapumziko akabaki naye. "Kichwa kinakuuma?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Emna akautazama mlango, akautazama uso wa mwalimu, akaanza kulia. "Sisikii vizuri, mwalimu. Usimwambie bibi. Wataniondoa shule kama shangazi!"

Mwalimu Lutfi akachukua chuma chenye ncha mbili kama uma, akakigonga kwenye goti lake, akakileta karibu na sikio la Emna. Emna hakusikia kitu. Mwalimu akakigonga tena, safari hii akagusisha mpini wake kwenye mfupa nyuma ya sikio.

Emna akashtuka. "Kinaimba!"

"Kupitia mfupa unasikia. Huenda kuna kitu kimeziba njia. Lakini mimi si daktari. Tutamchukua bibi yako twende zahanati."

Njiani Emna alimshika bibi mkono kwa nguvu. Walipofika, daktari akamulika masikio yote mawili, akayasafisha polepole kwa maji ya vuguvugu, kisha akatoa vijidonge vyeusi vya nta na pamba.

"Ole wangu!" bibi akasema. "Pamba yangu ya kitunguu saumu! Nilimtia masikioni wakati wa mafua, nikadhani imetoka yote."

"Usimtie tena kitu sikioni, mama. Akiugua, mlete hapa," daktari akasema.

Bangili za bibi zikagongana. Emna akageuka haraka kuzitazama.

Bibi akajifuta machozi. "Mabruka hatukumpeleka popote," akasema kwa sauti ndogo. "Tulimficha tu ndani."

Mwalimu Lutfi akachuchumaa mbele ya Emna. "Sikiliza, binti yangu. Leo umepona kwa sababu umesema kweli. Mwili ukikusumbua, usijifiche, sema mapema kwa mtu mzima unayemwamini. Na hata kama usingepona, dawati lako lingebaki pale pale. Kiziwi naye ana haki ya kusoma."

Emna akamtazama bibi, kisha mwalimu. "Basi, mwalimu," akauliza, "kesho nije na shangazi aione ile chumvi?"