Kwa Nini Muhsini Haongei

Kila siku akitoka shule, Zulfa alikuwa na kazi moja isiyo na likizo: kumlea mdogo wake Muhsini. Mama yao, Mwanaisha, alishinda sokoni akiuza dagaa na kurudi nyumbani kwao Mfaranyaki jioni. Zulfa alimwogesha mtoto, akamlisha, kisha akamfuta masikio kwa kipande cha khanga kuukuu. Kitambaa hicho alikifua haraka na kukianika nyuma ya choo, ambako hakuna ambaye angekwenda kukitafuta.

Masikio ya Muhsini yalikuwa yakitoa usaha. Yalianza mwezi wa pili, siku chache baada ya Zulfa kumpeleka kuoga mtoni, jambo ambalo Mama alikuwa amelikataza kabisa. Zulfa alikuwa na miaka kumi na miwili na maneno mengi, lakini hilo hakulisema. Alijiambia yatakauka yenyewe. Mwezi wa tano ulifika na hayakukauka.

Muhsini alikuwa na miaka miwili na nusu. Zamani alijua maneno matano au sita. Sasa alinyoosha kidole tu na kulia.

Jumatatu jioni Bibi Halima, mama mzazi wa Mwanaisha, alifika kutoka Tunduru. Alimwita Muhsini mara nne, naye akaendelea kupanga vifuniko vya chupa.

"Mwanaisha, huyu ana udata," Bibi alisema. "Ulimi umeshikwa kwa chini. Yupo fundi anaukata kwa wembe, mara moja tu, mtoto anaongea. Jumatano asubuhi nampeleka."

"Kwa wembe, mama?"

"Wangapi wamekatwa, na leo wanaongea mpaka wanatuchosha?"

Mama alikuwa amechoka kuulizwa na majirani kama mwanawe ni bubu. Akakubali. Zulfa aliacha chakula chake nusu.

Kesho yake darasani hakutulia. Alichonga penseli mpaka ikabaki kipande cha kushikwa kwa kucha.

"Una nini leo? Umekalia siafu?" aliuliza Evaline, rafiki yake wa dawati moja.

"Mtu akikatwa ulimi, kumbe shida siyo ulimi, itakuwaje?"

"Mtu gani?"

Zulfa akamweleza yote kwa kunong'ona.

"Si ukaseme nyumbani!"

"Mama ataniua."

"Atakuchapa, halafu utapona. Ulimi je?"

Mchana ule Zulfa alisimama nyuma ya Muhsini na kugonga mfuniko wa sufuria. Mtoto hakushtuka. Alipompitia mbele ndipo akamwona na kucheka. Moyo ulimwuma Zulfa kweli kweli. Alizunguka uani akimsubiri Mama, akaingia, akatoka, akaingia tena. Lakini Mama alipofika, kilichotoka kinywani kilikuwa "shikamoo" tu. Woga ni kitu cha ajabu sana.

Jumatano asubuhi bodaboda ilikuwa ikinguruma nje. Bibi alikwishambeba Muhsini mgongoni na alikuwa akijiandaa kupanda, Zulfa akatoka mbio na kumshika nguo.

"Bibi, asikatwe! Hasikii! Masikio yanatoa usaha tangu mwezi wa pili. Mimi ndiye nimekuwa nikiyafuta!"

Mama aliinama, akanusa sikio la mwanawe. Aliinua mkono, kisha akaushusha polepole.

"Kwa kwenda mtoni ningekuchapa," alisema Mama baada ya kusikia habari yote. "Kwa kunificha, hata sijui nikufanye nini. Twende hospitali."

Zulfa aliona heri angechapwa.

Hospitalini, nesi Kunegunda aliyatazama masikio yale na kuyasafisha. Aliposikia habari ya wembe, akampaka Muhsini sukari kidogo juu ya mdomo. Mtoto akatoa ulimi na kuilamba yote.

"Ulimi huu mlitaka kuukata kwa kosa gani?" aliuliza. Bibi akatazama sakafu. "Mtoto hujifunza kuongea kwa kusikia. Usaha ukikaa masikioni, sauti zinamfikia zimefifia."

"Ni maji ya mto?" Zulfa aliuliza huku akilia.

"Huenda yalianza kwa mafua tu. Lakini ungesema mapema, tungetibu mapema."

Aliwapa dawa ya matone, akawaonya maji yasiingie masikioni, na akamwagiza Zulfa akae uso kwa uso na mdogo wake na kuzungumza naye kila siku. Zulfa akamtajia ndoo, kuku, ufagio na viatu, mpaka majirani wakamcheka. Wiki ya kwanza, kimya. Ya tatu, kimya. Zulfa alianza kuogopa kwamba amechelewa.

Wiki ya sita, Muhsini alikuwa uani, ameupa mlango mgongo. Zulfa alitoka ndani na kumwita. Mtoto akageuka.

"Dada," alisema.

Hakuwa amewahi kulisema neno hilo. Zulfa alikaa chini palepale na kulia. Bibi Halima, aliyekuwa akichambua mchele, akaweka ungo pembeni.

"Mjukuu wangu, mimi nilikuwa na haraka na wewe ulikuwa na woga, na aliyekuwa akatwe ni huyu," alisema. "Nimekosa, na wewe umekosa. Mtoto hana maneno ya kutuambia anaumwa wapi. Wewe unayo. Siku nyingine ukiona anaumwa, sema, hata kama utachapwa."