Hodi Kutoka Chini ya Mwamba

Haya yalimkuta Torunn, jirani yetu wa ghorofa ya juu, mwanamaji asiyejua kudanganya hata umri wake. Mchana huo nyambizi yao ilikuwa imetulia ndani kabisa ya mkono wa bahari, na mpishi alikuwa amepakua kababu za samaki na viazi.

Sverre, baharia mwenzake, alikula sahani mbili kwa furaha tu. Mkewe, Gunnvor, alikuwa mjamzito wa kujifungua leo au kesho, na nyambizi ilitakiwa kurudi bandarini Bergen asubuhi.

"Mtoto huyu nitampakata mimi kabla ya mama mkwe," alitamba. "Safari hii hanishindi!"

Torunn, aliyekuwa zamu kwenye mtambo wa kusikiliza bahari, hakucheka. "Kuna mtu anagonga," alisema.

Sverre akavaa visikilizio. Ko. Ko. Ko. Sauti ilitoka chini yao, mwambani.

"Nyangumi anajikuna."

"Nyangumi hapigi hodi."

"Basi tumkaribishe!" Akachukua kijiko, akagonga ukuta wa chuma mara tatu.

"Usijibu!" Torunn alinong'ona akimshika mkono, lakini alikuwa amechelewa. Kwao Lofoten, visiwa vya kaskazini, hata mtoto anajua kwamba hodi ya baharini isiyo na mwenyewe haiitikiwi. Waliozama hawamsahau aliyewaitikia.

"Haya, mchawi wangu wa kaskazini. Mimi nakwenda kulala, zamu yako ikiisha uniamshe." Vitanda nyambizini ni haba, na wao wawili walipokezana kimoja.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Hodi ilirudi, na safari hii ilikuwa karibu zaidi. Kisha ikawa kwenye chuma chenyewe, upande wa nje, ikitambaa polepole kuelekea vitandani. Torunn alimwita nahodha. Nahodha akasikiliza, akasema ni chuma kinabanwa na maji. Hodi ikakoma.

Zamu ilipoisha, Torunn alikwenda kitandani mbio. Pazia lilikuwa limefungwa. Akaita, kisha akalivuta.

Kitanda kilikuwa kitupu. Godoro lilikuwa chepechepe, na baridi yake iliuma vidole.

Walimtafuta kila chumba na kila upenyo. Milango ya juu ilikuwa imefungwa, haijaguswa. Mtu mzima angepitia wapi? Torunn alilia bila kujificha.

Waliibuka, wakarudi Bergen usiku kucha. Asubuhi nahodha na Torunn walikwenda hospitalini, kwani Gunnvor alikuwa amejifungua alfajiri. Njia nzima Torunn alitafuta maneno ya kumwambia, asiyapate.

Walimkuta ameketi kitandani, mtoto kifuani.

"Gunnvor," nahodha alianza, "kuhusu Sverre..."

"Shh, mtoto amelala. Mmepishana naye mlangoni."

"Na nani?"

"Na Sverre, nani mwingine? Kafika kabla ya mama, kama alivyoapa. Kampakata mwanawe weee, ila hakusema neno." Akashusha sauti. "Afande, kwa nini mmemwacha aje amelowa vile?"

Nahodha alishika ukingo wa kitanda. Torunn aliinama, akafunua blanketi taratibu.

Mgongoni mwa mtoto palikuwa na alama ya kiganja kipana, ya buluu, baridi. Leo binti huyo ana miaka saba. Alama haijafutika, na ukiigusa, vidole vyako hutoka na chumvi.