Mwito Usiotoka Kwenye Saa

Kwanza ulikuja uvundo. Mashine ya kumtunzia joto mtoto njiti, pale kwenye kituo kidogo cha afya Uvira, kando ya ziwa, ilinuka ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliooza, na kila Florentine, muuguzi, alipoipangusa, kitambaa kilirudi na ute mzito kama makamasi. Ndani yake alikuwa amelala binti wa Bonaventure, ambaye hata kulia alikuwa bado hajalia.

Bonaventure ndiye aliyeandika kiini, programu ya chini kabisa inayoiendesha mashine ile. Saa ndogo ndani yake huita, kiini huacha kila kitu, huitika, hupima joto, kisha hurudi kazini. Lakini tangu asubuhi miito ya saa ilikuwa ikipotea na mtoto alikuwa akipoa. Saa yenyewe, kama mafundi wa hapa wafanyavyo, aliing'oa kwenye mtambo wa boti iliyozama ziwani na watu wake. Aliisafisha kwa pombe kali, akaridhika. Mtu mzima na akili zake!

Alifungua kompyuta akaona miito mingine, ikiingia kwa njia isiyounganishwa na kitu chochote. Kiini kilikataa kuiitika, nayo ikajazana mlangoni hadi ikaizibia saa njia.

"Ni nani iko naita humo?" mama yake, Geneviève, alinong'ona alipoambiwa, kitenge puani.

"Sijue, mama. Nitaacha mashine iitike yote."

"Weye, hapana! Kitu ikiita mara moja, unanyamaza. Muntu muzima, ule anapumua, anaita mara ya pili; mufu anaita mara moja tu."

"Mashine ikinyamaza, mutoto anakufa."

Akaandika amri. Joto likapanda palepale, mtoto akapata rangi, na Bonaventure akacheka kwa sauti. Kisha, mchana kweupe, kwenye matundu ya hewa zikaanza kuchomoza nywele ndefu zilizolowa, zikivuta ute wa kijani na funza waliojikunja, zikateleza juu ya shuka, zikauzunguka mguu wa mtoto taratibu, na uvundo ukawaingia kinywani hata Florentine akatapika mikononi mwake, huku mashine ikiendelea kuitika, kuitika, kuitika.

Inachefua hata kusimulia.

Geneviève hakungoja. Alizing'oa zile nywele kwa mikono mitupu, akamnyakua mjukuu, akamlaza kifuani ngozi kwa ngozi na kumfunga kwa kitenge. Bonaventure akang'oa waya wa umeme. Nywele zikalegea, zikawa majimaji meusi sakafuni.

"Iko napumua?" Bonaventure aliuliza.

"Iko napumua. Iko na moto muzuri."

Alipiga magoti mbele ya mama yake, akafunua kitenge kidogo, akaona macho ya binti yake yamefumbuka, meusi, maangavu.

"Papa," sauti ikaita, mara moja tu.

"Niko hapa, mutoto yangu!" aliitika huku machozi yakimtiririka, kabla hajakumbuka kwamba mtoto wa umri ule hasemi.